Herufi ya Tatu, Mstari wa Tano

Yogyakarta, 12 Februari 1996

Budhe wangu,

Nakusalimu haraka maana habari imenijaa kooni: Profesa Notowibowo amenichukua! Nitafanya utafiti chini yake mwaka huu, utafiti wa macho ya watu wenye kisukari. Nikiumaliza vizuri, mwezi wa Novemba atatia sahihi barua ya kunipeleka kwenye masomo ya ubingwa wa macho. Bila barua hiyo hakuna mlango. Nafasi ni moja na tunaoitaka ni wawili. Mwenzangu Bagus ni mtoto wa daktari aliyesoma darasa moja na Profesa, na mimi ni mtoto wa wapika sukari ya mnazi. Nisaidie, Budhe.

Kazi yenyewe ni hii. Kisukari hupasua vijishipa vya damu nyuma ya jicho, polepole, bila maumivu. Kikigunduliwa mapema tunakizuia kwa mwale wa leza hapa hospitalini. Kikichelewa, mtu anapofuka. Profesa anataka kujua kama mhudumu wa afya wa kijiji, akiwa na chati tu, anaweza kuwatambua wanaopaswa kuletwa mjini. Nimependekeza kijiji chetu cha Sidowangi, na nimependekeza wewe.

Chati ina herufi E tupu, zimegeuzwa huku na huku. Itundike ukutani, mtu akae hatua nane mbali, afunike jicho moja, aonyeshe kwa mkono miguu ya kila E inaelekea wapi. Wewe andika anachoonyesha, usimsahihishe. Kusahihisha ni kazi yangu huku. Asiyefika mstari wa tano ataletwa mjini na gari la idara. Tafadhali waingie mmoja mmoja, na wengine wangoje nyuma ya nyumba wasiione chati.

Mambo mawili zaidi. Profesa amenikataza kukanyaga huko mpaka utafiti uishe. Anasema watu wetu wakimwona daktari wao husema wamepona, ili asiumie moyo. La pili, sikumwambia kwamba wewe ni budhe wangu hasa, dada mkubwa wa marehemu mama na ndiye uliyenilea. Angesema huu si utafiti, ni undugu. Kwenye karatasi wewe ni Ibu Saminten, mhudumu wa afya, basi. Na kwa kuwa una kisukari wewe mwenyewe, jiandikishe namba moja.

Mwanao,
Wening


Sidowangi, 3 Machi 1996

Nduk, mwanangu daktari,

Chati imefika haijakunjika. Nimeitundika barazani, pale palipokuwa na kalenda ya duka la mbolea. Nimejipima mwenyewe kwanza kama ulivyoagiza, fomu namba moja hiyo hapo, nikafika mstari wa tano vizuri kabisa.

Jumapili wamekuja watu ishirini na wawili. Sasa nisikilize na usinune. Hilo la kuwaweka wageni nyuma ya nyumba limenishinda. Nyuma kuna nini? Jiko la sukari, kuni na bata. Mtu kavaa batiki yake ya kwendea harusini, kapanda mlima mpaka kwangu, nimwambie nenda kakae na bata? Wangesema Saminten kapata mtoto daktari kavimba kichwa. Nimewakalisha barazani kwenye mkeka, nikawapa chai na mihogo ya kukaanga, wakatazamana wakipimwa. Imekuwa kama sherehe.

Aliyeshindwa ni mmoja tu, Mbah Wiryo. Alipita mstari wa pili akaanza kupiga mkono hewani kama anayefukuza nzi. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Mzee aliondoka bila kumaliza chai yake. Unamjua Mbah Wiryo, huyo hajawahi kuacha chai.

Sina mengine. Nyumba imechakaa, utando wa buibui kila mahali. Kuna mmoja juu ya kitanda changu nimeufagia mara tatu na bado uko.

Budhe wako,
Saminten


Yogyakarta, 20 Machi 1996

Budhe,

Fomu nimezipata kwa Pak Giyo dereva, na Profesa ameziona. Alisema mwandiko wako ni safi kuliko wa madaktari wake. Nilitamani nimwambie kwamba ndio ulionifundisha kuandika, nikaumeza ulimi.

Lakini nakusihi kuhusu baraza. Wakitazamana, wa mwisho atakuwa ameshasikia kila kitu. Funga pazia, weka kabati, fanya lolote. Sijamwambia Profesa juu ya mkeka na mihogo. Ningemwambia angezitupa fomu zote.

Mbah Wiryo aje Alhamisi na gari. Mwambie si adhabu, Budhe. Katika wote hao yeye ndiye mwenye bahati.

Bagus amemaliza kijiji chake cha kwanza. Ananisalimia kila asubuhi kwa upole unaoniudhi.

Wening


Sidowangi, 19 Mei 1996

Nduk,

Mbah Wiryo amerudi na miwani myeusi kama mwimbaji wa muziki wa dangdut. Tulidhani atajisifu, kumbe hasemi na mtu. Mkewe ndiye kasema: walimkalisha mbele ya mashine, wakamchoma jichoni kwa moto wa kijani mara mia nne. Mara mia nne! Habari imefika mpaka sokoni. Sasa kila mtu anajua kwamba ukishindwa kwa Saminten unapelekwa mjini kuchomwa macho.

Nilidhani hawatakuja tena, hata wale wa Machi niliowaita wapimwe upya. Wamekuja! Na wamefaulu wote, mwanangu. Watu sitini na wanne wenye kisukari kijijini, sitini na watatu wamefika mstari wa tano, mzee Wiryo tu ndiye kashindwa. Mwambie Profesa wako ashike adabu mbele ya watu wa Sidowangi, tuna macho ya mwewe.

Nikuchekeshe. Juzi Pak Sarijan, huyo namba arobaini aliyesoma chati bila kukwama, alifika uani kwangu akasimama mbele ya kanga yangu niliyoanika kwenye kamba. Akainama, akaisalimu akidhani ni mimi, akaiuliza hali ya mguu wangu unaoniuma. Mimi nikiwa jikoni nikajibu, "Unaendelea vizuri, Pak!" Akaaga akaenda zake, hana habari. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Pazia nimeweka, usigombe.

Budhe


Yogyakarta, 25 Agosti 1996

Budhe,

Nimekawia kujibu kwa sababu kazi imenifika shingoni. Profesa amefurahi mno. Atayasoma matokeo yetu mbele ya mabingwa wa macho wa nchi nzima mapema Novemba, na barua yangu ataitia sahihi tarehe mosi, kabla hajapanda ndege. Ameshamwagiza karani wake aipige chapa. Nimeiona kwa macho yangu, ina jina langu.

Ndiyo maana najichukia kuuliza hili. Barua yako ya Mei niliichekea nilipoisoma. Wiki hii niliisoma tena na sikucheka. Mtu aliyefika mstari wa tano hawezi kuisalimu nguo kwenye kamba akidhani ni wewe. Haiwezekani, Budhe. Kutoka langoni mpaka kwenye kamba yako ni hatua sita.

Niambie kweli. Pak Sarijan aliiona chati kabla ya kupimwa? Watu wanaingia mmoja mmoja, au bado wanakaa kwenye mkeka?

Na wewe, macho yako yakoje? Nani alikupima?

Wening


Sidowangi, 8 Septemba 1996

Kwa Daktari Wening,

Umeniuliza kama polisi, nakujibu kama shahidi. Pak Sarijan ni mzee wa miaka sabini na alikuwa na usingizi. Pazia lipo. Watu wanaingia mmoja mmoja. Macho yangu ni mazima, nilijipima mwenyewe kama ulivyoagiza mwenyewe.

Mwandiko ukiuona unapanda kilima, kosa ni la kalamu. Na sina nafasi ya kuandika zaidi, wiki hii sukari imeniungulia mara mbili. Kuni ni mbaya mwaka huu.

Ulipokuwa na miaka sita ulisema unataka kuwa daktari, nikakwambia basi kula mboga. Ukala. Mbona leo umeacha kunisikiliza?

Saminten


Yogyakarta, 10 Oktoba 1996

Budhe,

Leo nimezitandaza fomu zote sakafuni. Sitini na nne. Mpaka sasa nilikuwa nahesabu tu: amefika mstari wa tano, amefika, amefika. Kukosea herufi moja kunaruhusiwa, kwa hiyo sikujali nani kakosea ipi. Ni uvivu wangu na nitaujibia.

Herufi ya tatu katika mstari wa tano inaelekea juu. Kwenye fomu zako, watu hamsini na wanane wameonyesha kulia. Herufi nyingine zote wamepata. Wamekosea hiyo moja tu, Pak Sarijan na mkewe na jirani zake, wote kulia. Macho ya watu hamsini na wanane hayawezi kukosea namna moja. Midomo inaweza. Kuna mtu kawafundisha, na aliyewafundisha ndiye aliyekosea.

Kisha nikaitazama fomu namba moja, ya tarehe 28 Februari, kabla hajaja mtu yeyote barazani. Hapo pia ni kulia.

Budhe, ulijipima hatua nane kutoka ukutani na herufi ile hukuiona sawasawa. Ulichokiona ndicho ulichowafundisha. Nikatafuta barua zako zote. Utando wa buibui juu ya kitanda, ulioufagia mara tatu na bado uko. Hakuna utando, Budhe. Hiyo ni damu ndani ya jicho. Mgonjwa yeyote hapa akiniambia maneno hayo ningemshika mkono siku hiyo hiyo nikampeleka kwenye mashine. Wewe uliniandikia tangu Machi, nami nikakujibu habari za pazia.

Utando bado upo? Umeongezeka? Jibu kwa mkono wa Pak Giyo, nimemwambia akungojee.

Wening


Sidowangi, 14 Oktoba 1996

Nduk,

Pak Giyo yuko barazani anakunywa chai ya tatu. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni kweli. Niliwatungia wimbo. Mbah Wiryo alipochekwa akaondoka vile, usingizi ulinipotea. Kumwaibisha mzee kwenye mkeka wangu, akiwa ameshika kikombe changu! Nikasema haitatokea tena. Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye kiti cha hatua nane nikaitazama chati, nikaupanga wimbo wa mistari yote, na wa tano ni huu: chini, kulia, kulia, kushoto, chini. Wanawake waliuimba kwenye upatu wetu wa arisan kabla ya kuchezesha majina, wakawafundisha waume zao. Habari ya moto wa kijani ilipofika, wakawa wanauimba kama dua. Wapo waliokuwa wakipita hapa saa ya kuchemsha sukari ili nisahihishe mikono yao. Nawe ulikuwa unahitaji barua. Nikaona, hapana aliyeumia, kila mtu kafurahi: wao hawachomwi, Profesa anawasifu, mwanangu anapata nafasi. Mimi ni mjinga wa namna gani?

Sikujua kwamba wimbo una kosa. Hilo limenitia baridi kuliko yote. Naapa niliiona inaelekea kulia.

Utando umekuwa pazia. Jicho la kulia ni jeusi tangu Idi ya kuchinja, naona pembeni tu. La kushoto linaanza kuona nyuzi. Ndiyo maana sukari inaungua, siioni ikibadilika rangi, nangoja harufu. Nilikuficha ili usije. Ungekuja, Profesa angejua sisi ni nani.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu tangu nikulee. Nyamaza. Tarehe mosi Novemba ni siku kumi na nane tu. Akishatia sahihi, sema yote, nitakuja mjini kwa miguu yangu, wanichome watakavyo. Macho haya yamengoja tangu Machi, yatashindwaje siku kumi na nane? Bagus ana baba wa kumtafutia nafasi nyingine. Wewe una mimi tu.

Nakupigia magoti, mwanangu. Usiseme.

Budhe wako


Yogyakarta, 16 Oktoba 1996

Budhe,

Nimesema.

Barua yako nilikaa nayo jana kutwa. Nitakwambia ukweli ili usinidhanie malaika: nilizihesabu zile siku kumi na nane. Niliwaza, labda. Niliwaza mpaka nikapata sababu nzuri tatu. Halafu nikawakumbuka watu sitini na watatu wanaoimba, na mmoja wao ni wewe na jicho moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe ndiye uliyeniambia hivyo nilipoficha jipu langu. Nikaenda kubisha mlango wa Profesa.

Nilimweleza juu ya wimbo, mkeka na mihogo. Hakunikatiza. Akauliza, "Huyu Ibu Saminten unamjuaje hata umtetee hivi?" Nikamwambia, ni mama yangu mkubwa.  Akafungua mtoto wa meza, akaitoa ile barua iliyopigwa chapa, akaniuliza kama naitambua. Nikasema ndiyo. Akaikunja akairudisha ndani.

"Wanakijiji wamenidanganya kwa adabu," alisema. "Hao nawasamehe, nimezaliwa kijijini mimi. Wewe umenidanganya kwa hesabu."  Halafu akachukua simu, nikadhani ananifukuza kazi, kumbe anaagiza gari. Alisema jicho linalovuja damu halingoji mkutano wala sahihi ya mtu.

Pak Giyo anakuletea barua hii leo, na gari litafika kesho saa mbili asubuhi. Lina chati tano mpya, kila moja na mpangilio wake, hakuna wimbo utakaozitosha. Funga nguo za wiki mbili. Ukijificha kwa bata nitakufuata huko huko, maana nitakuwa ndani ya gari. Marufuku yangu imekwisha.

Usilie kwa ajili ya barua. Mimi nimeshalia kwa niaba yetu wote.

Wening


Sidowangi, 8 Desemba 1996

Nduk wangu,

Naandika kwa kalamu ya wino mzito aliyoninunulia muuguzi, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usinicheke. Tangu unirudishe na gari leo ni wiki ya tatu, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayoimaliza.

Jicho la kulia limekwenda. Uliniambia pale hospitalini ukanigeuzia mgongo, ukajifanya unapanga faili. Nilikuona, hilo moja nililobaki nalo lilikuona vizuri. Ningekuja Machi lingepona. Usiniambie sivyo. Nilijitia mjanja nikajinyima jicho, na hilo halina mwingine wa kulaumiwa.

Sijakusimulia siku Profesa aliponichoma la kushoto kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza alinionyesha chati, akauliza, "Ibu, unaona?" Ulimi ulikuwa tayari kusema naona, Profesa, asante, naona sana. Si unajua tulivyo, mtu kajichosha kwa ajili yako. Nikauma meno nikasema, "Sioni, Profesa. Naona ukungu." Akacheka peke yake. Akasema ametibu miaka thelathini akingoja mgonjwa wa Kijava amjibu hivyo.

Nimesikia nafasi kapewa Bagus. Pak Giyo kaniambia, wewe hukuniambia. Nimesikia pia kwamba Profesa amekuamuru uanze mwaka wako upya Januari, kijiji hiki hiki, na safari hii kwenye karatasi iandikwe wazi: mama mkubwa. Nililia, kisha nikaenda kuwagawia bata chakula, kisha nikalia tena. Mwaka mzima wa ujana wako. Nitakulipa kwa kazi, maana sina kingine.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nimeanza. Nimewaita watu wote barazani nikawaambia jicho langu limekufa kwa ajili ya wimbo, na kama kuna anayeutaka bado, nitamwimbia na pazia la jicho nitamwonyesha. Hakuna aliyecheka. Mbah Wiryo akasimama, akavua miwani yake, akasema yeye sasa anaona punje za mchele kwenye ungo. Akaenda mwenyewe kukaa nyuma ya nyumba kwenye gogo. Wengine wakamfuata. Chai na mihogo niliwapelekea huko huko, na bata wamenenepa.

Unajua kwamba siku ile ulipowapima mwenyewe kwa chati mpya walishindwa ishirini na watatu. Ishirini na wawili tumeshakwenda mjini na kurudi. Pak Sarijan anaogopa moto. Nitampeleka Alhamisi nimemshika mkono, vipofu wawili na macho mawili na nusu, tutafika.

Fomu yangu ya Februari ichane. Hii ndiyo ya kweli. Sikujipima, kanipima mke wa Mbah Wiryo, mkali yule, hataki mchezo.

Namba 1. Saminten.
Jicho la kulia: sioni chati.
Jicho la kushoto: mstari wa tatu. Wa nne nimebahatisha, usiuhesabu.

Mama yako mkubwa,
Saminten